Ng'ombe 12, kibanio kipi: cha chuma cha kununua, cha miti, au tuendelee na kamba?

Mfugaji wa Mufindi

Wafugaji wenzangu, salamu kutoka Mufindi. Ninaomba ushauri wenu juu ya kibanio, yaani ujia mwembamba wa kumzuia ng'ombe atulie anapohudumiwa, jambo ambalo nimelifikiria tangu mvua zilipoanza na ambalo sitaki kulifanya nusunusu. Nina ng'ombe 12: majike 6 wa maziwa ambao ni chotara wa Friesian na zebu wetu, mitamba 3, madume 2 ninayonenepesha, na ndama mmoja. Jike mkubwa kuliko wote, kwa mkanda wa kupimia kifua, ana kilo 460 hivi, na mtamba mdogo hafikishi 200. Usiku wanalala bandani, na mchana wanakula kwenye malisho yenye uzio nyuma ya nyumba.

Mwezi uliopita tulikuwa na siku ya chanjo ya homa ya mapafu. Tulifanya kama tunavyofanya kila mara: kamba kwenye pembe, halafu kamba inazungushwa kwenye shina la mparachichi. Wawili wa kwanza walipita salama. Wa tatu, jike mwenye mimba ya miezi 7, alipoona sindano alizunguka mti badala ya kurudi nyuma, kamba ikajisokota, akaanguka kwa magoti ya mbele. Kijana anayenisaidia alikuwa ameweka mkono kwenye shina ili kuzuia kamba isiteleze, na kamba ikamkaza kidole na kukivunja. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu, na mimba ya ng'ombe haikutoka. Hata hivyo, tangu siku hiyo jike yule akiona mtu ameshika kamba huinua kichwa, hukaza masikio, na hasogei tena hata ukimwonyesha pumba.

Nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni kununua kibanio cha chuma kilicho tayari, chenye geti la shingo na ubavu unaosogea kumbana mnyama, ambacho nimetajiwa bei inayolingana na mitamba miwili yenye mimba. Ya pili ni kumpa kazi fundi wa kuchomelea hapa Mafinga anitengenezee kwa mabomba. Ya tatu ni kujenga cha miti, kwa sababu nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa si tatizo katika wilaya yetu. Kaka yangu, ambaye amefuga kuliko mimi, anasema kwa ng'ombe 12 vyote hivyo ni kujikweza, na kwamba kamba nzuri na vijana wawili wenye nguvu vinatosha.

Shughuli zenyewe mnazijua: chanjo, kuvisha hereni za utambulisho, kuogesha dhidi ya kupe, uhimilishaji (kumpa jike mbegu bila dume), kupima mimba, na mara mojamoja kukata kwato. Naomba mnieleze mngeanza na nini, kwa vipimo gani, na ni mahali gani fedha isibaniwe.

Afisa Mifugo Mstaafu, Singida

Ndugu wa Mufindi, pole sana kwa yaliyompata kijana wako. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huo nimeona watu wengi wakiumizwa na ng'ombe wapole kuliko wakali, kwa kuwa mbele ya mkali kila mtu hujihadhari. Kwa heshima zote kwa kaka yako, kamba nayo ni kifaa, tena ndiyo kifaa kigumu kukitumia vizuri kuliko vyote, maana nguvu yote ya mnyama huishia mikononi mwa mtu. Hebu hesabu naye pamoja. Katika eneo la kupe, ukiogesha kila wiki, ng'ombe 12 wanakupa mara 624 kwa mwaka ambapo mnyama lazima atulie mbele yako, kabla hujaongeza chanjo wala uhimilishaji. Kazi inayofanyika mara 624 haifai kutegemea nguvu za vijana wawili ambao kesho mmoja wao anaweza kuwa safarini.

Kwa hali yako ningejenga kibanio cha miti kisichohamishika, na chuma ningekitumia kwenye geti la shingo peke yake. Kile cha kununua kina faida yake kwa mtu anayehudumia makundi katika vijiji tofauti na kukibeba kwenye gari. Kwako wewe kitakaa mahali pamoja miaka yote, na kisipofungwa ardhini kwa bolti, ng'ombe wa kilo 460 atakitikisa, kitapiga kelele ya vyuma, na hiyo kelele itamfundisha mwenzake aliye nyuma kwamba mahali pale ni pabaya.

Sasa vipimo. Kwa chotara wako upana wa ndani uwe sentimita 70. Zebu wa kawaida wa kijijini, ambao wengi wao wana kilo 200 hadi 300, wanatoshwa na sentimita 60 hivi, na ukiwapa nafasi pana zaidi wanageuka ndani, jambo ambalo ni la hatari kuliko kutokuwa na kibanio kabisa. Kimo cha ubavu kiwe mita 1.6. Urefu wa sehemu anaposimama mnyama mmoja uwe mita 1.6 hadi 1.7, na nyuma yake uweke ujia wa kusubiria ng'ombe wengine wawili, yaani jumla ya mita 5 hivi. Usijenge ujia wa ng'ombe mmoja tu, kwa kuwa ng'ombe anayeona mkia wa mwenzake mbele yake huingia kwa hiari, ilhali aliye peke yake husita. Nguzo ziwe na kipenyo cha sentimita 15 na ziingie ardhini sentimita 75 au zaidi, kila moja ikiwa mita 1.5 hadi 2 kutoka nyingine.

Kuna kosa moja ambalo nimelikuta katika vibanio vingi vya vijiji, nalo ni kupigilia fito upande wa nje wa nguzo. Fito zote zinapaswa kuwa upande wa ndani, upande wa ng'ombe, ili anapoegemea azisukume kwenye nguzo. Zikiwa nje, kila anapoegemea anang'oa misumari, na baada ya msimu mmoja utakuta msumari wa inchi 5 umechungulia ndani, umefika usawa wa mbavu. Tumia bolti zenye nati upande wa nje, na upitishe kiganja chako ndani ya kibanio chote kabla hujamwingiza mnyama hata mmoja. Kiganja kikikwaruzika, na ngozi ya ng'ombe itakwaruzika.

Sakafu ndiyo mahali nisipotaka ubane fedha hata kidogo. Ng'ombe akiteleza mara moja tu hasahau, na hofu nyingi tunazoziita ukaidi zilianzia kwato zilipoteleza. Mwaga zege la kipimo cha saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, lipe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji na mkojo viondoke, na kabla halijakauka likwaruze mistari ya kukingama, ya kina cha sentimita 1. Usilisawazishe kwa mwiko mpaka ling'ae, kama mafundi wetu wanavyopenda. Ukishindwa zege kwa sasa, shindilia changarawe, lakini usiache udongo mtupu wa Mufindi ambao mnaujua wenyewe wakati wa masika.

Mahali pengine pa kuangalia ni nyuma ya mnyama. Mhimilishaji na anayepima mimba husimama pale, mikono yao ikiwa haiwezi kujikinga. Weka mlango mdogo wa pembeni nyuma ya nafasi ya mnyama wa mbele, wenye upana wa kutosha mtu mmoja, ili asilazimike kuruka juu ya fito. Kisha weka miti miwili ya kupitisha kwa kukingama: mmoja nyuma ya mapaja ya anayehudumiwa, kidogo juu ya kifundo cha mguu wa nyuma, ili asirudi nyuma, na mwingine nyuma ya mtu, ili ng'ombe anayefuata asimsukume mgongoni. Huo wa pili husahaulika karibu kila mahali. Unapopitisha mti, simama pembeni na uusukume hadi mwisho kwa mkupuo mmoja, bila kuacha kiwiko kati ya mti na nguzo, kwa sababu mnyama akirudi nyuma wakati huo mfupa wa mkono hauna la kufanya.

Fito ya chini kabisa iwe sentimita 40 kutoka sakafuni. Ikishuka zaidi ya hapo, mguu wa ng'ombe aliyepiga teke unaweza kunasa.

Mama wa Rungwe

Kaka wa Mufindi, mpe pole kijana. Ningependa kuongeza jambo kutoka kwetu tunaofugia bandani, ambako ng'ombe wangu 4 hawatoki nje kabisa, na nafasi ya kujenga ujia wa mita 5 hatuna. Nilichofanya ni kuweka mahali pa kufungia shingo palepale kwenye hori la malisho. Ni miti miwili ya wima. Mmoja umekazwa, mwingine umefungwa chini kwa bolti moja ili juu usogee kulia na kushoto. Ng'ombe anaingiza kichwa kufuata pumba, nasogeza mti, napitisha kipande cha chuma juu, na amekaa. Nafasi ya shingo ni sentimita 18 hadi 20 kwa jike mkubwa. Kwa kuwa anakula hapo kila siku na mara nyingi hafungwi, siku ya sindano haoni jambo jipya, na mhimilishaji wetu husema kwangu anamaliza kazi kabla ya chai kupoa.

Hilo linaweza kukusaidia wewe pia kwa ajili ya uhimilishaji, kwa sababu ng'ombe aliye kwenye joto hahitaji kutembezwa umbali mrefu wala kukimbizwa. Nilifundishwa kwamba hofu humzuia kushika mimba, na hesabu za daftari langu tangu nijenge mahali hapa zinaniridhisha.

Kuhusu kamba, hata ukijenga kibanio usizitupe. Kila ndama wangu anavishwa hatamu akiwa na miezi 3, kwanza kwa dakika 10 kwa siku akiwa karibu na mama yake, na baada ya wiki mbili anaongozwa na mtoto wa shule. Tafadhali acheni kufunga kwenye pembe. Hatamu inapita juu ya pua na nyuma ya masikio, na ng'ombe akivuta anajisikia mwenyewe puani, kwa hiyo anaacha kuvuta. Fungia kwenye usawa wa macho yake na usiache kamba ndefu kuliko mkono wa mtu, maana hiyo ndefu ndiyo inayojisokota kwenye mti kama ulivyosimulia. Na fundo liwe lile la kufunguka kwa kuvuta ncha moja. Mimi natumia kamba ya katani kwa sababu haiteketezi viganja kama naylon inapokimbia, ingawa katani huoza ikilala kwenye unyevu, na kila mwanzo wa masika nanunua mpya.

Fundi Vyuma, Morogoro

Nimetengeneza vibanio kadhaa vya mabomba na nimerekebisha vingi zaidi vya wenzangu, kwa hiyo nitasema kuhusu geti la shingo tu, kwa kuwa ndipo ng'ombe wanapokufa.

Yako mageti yanayobana kwa umbo la mkasi, juu pana na chini pembamba. Ni rahisi kuyatengeneza na mteja huyapenda kwa sababu yanakamata haraka. Ng'ombe akipiga magoti ndani yake, shingo inateremka kwenye sehemu nyembamba na koromeo linazibwa, na uzito wake mwenyewe ndio unaozidi kumkaza. Nimeitwa kukata geti la namna hiyo kwa msumeno huku jike akitoa povu, na tulimwahi kwa dakika chache tu. Mwambie fundi wako wa Mafinga atengeneze mabomba mawili ya wima yanayokwenda sambamba kutoka juu hadi chini, ili ng'ombe akipiga magoti shingo iteremke katikati yake bila kukazwa zaidi, na apate pumzi mpaka umfungue.

Jambo la pili ni komeo. Lijaribu kabla hujalipa. Mwambie kijana mmoja asukume geti kwa nguvu zote kutoka ndani, kisha wewe ufungue kwa mkono mmoja. Likikataa kufunguka likiwa limebeba mzigo, mrudishie. Makomeo mengi ya kuchomoa hunasa ng'ombe anapovuta, na hapo ndipo mnapohitaji kufungua upesi. Mpini wa kufungulia uwe upande wa nje na nyuma ya geti, usawa wa bega la ng'ombe, ili anayeushika asisimame mbele ya kichwa.

Bomba liwe la inchi 2, na ukuta wake usipungue milimita 3. Yale mepesi ya kutengenezea madirisha yanapinda, na bomba lililopinda halirudi. Geti lifunguke lote ili mnyama atoke kwa kwenda mbele. Waliojengewa vibanio ambavyo ng'ombe lazima arudi nyuma ili atoke hunipigia simu baada ya miezi miwili wakiniomba nivibadilishe. Vipashio vya vyuma vinavyogongana uvivishe vipande vya tairi la pikipiki, na bawaba uzitie girisi.

Mchungaji wa Kajiado

Wazee wangu na dada yetu wa Rungwe wamesema vizuri. Sisi huku Kenya kibanio tunakiita krashi, na boma letu lina Boran na Sahiwal wasiozoea kushikwa na mtu, kwa hiyo niruhusuni niongeze kuhusu namna ya kuwaingiza, kwa kuwa krashi nzuri yenye wachungaji wanaopiga kelele ni sawa na kutokuwa nayo.

Ng'ombe ana macho ya pembeni. Anaona karibu pande zote isipokuwa kipande kidogo cha nyuma yake kabisa, na ukisimama hapo anageuka ili akuone. Kwa hiyo usimfuate kwa nyuma. Simama ubavuni, kwa umbali ambao akikuona anasogea bila kukimbia. Kila mnyama ana umbali wake. Boran wangu wanataka mita kadhaa, ng'ombe wako wa maziwa pengine utamgusa kabisa. Bega lake ndilo mpaka: ukiwa nyuma ya bega anakwenda mbele, ukiwa mbele ya bega anarudi au anasimama. Ndani ya ujia, ukitaka aende mbele, tembea wewe kwa utulivu kutoka upande wa kichwa kuelekea mkia, na mara unapolipita bega lake utamwona akisogea. Watoto wetu wanajifunza hilo malishoni kabla ya kujua kusoma, ila wakifika kwenye krashi wote tunalisahau na kuanza kupiga fimbo.

Profesa Temple Grandin wa Marekani, ambaye ametumia maisha yake kusomea tabia ya ng'ombe mahali pa namna hii, aliwashauri wafugaji waingie wenyewe ndani ya ujia na kuinama kwa kimo cha macho ya ng'ombe, waone anachokiona. Nilifanya hivyo baada ya ng'ombe zangu kugoma asubuhi nzima pale pale, hatua mbili kabla ya geti. Nilipoinama niliona ncha ya leso ya mke wangu iliyokuwa imeanikwa kwenye uzio wa jirani na kibanio. Upepo ulikuwa ukiiinua na kuishusha, na kivuli chake kilikuwa kikipita juu ya sakafu kama nyoka. Tuliiondoa leso, na jike la kwanza likaingia kabla sijarudi mahali pangu.

Angalia pia jua. Kazi hizi hufanywa asubuhi, kwa hiyo ukielekeza mdomo wa krashi mashariki, ng'ombe atakuwa anaangalia jua moja kwa moja. Elekeza kaskazini au kusini, na ukiweza, aone malisho au wenzake mbele yake. Ukiwa na mbao za kutosha, ziba ubavu mmoja, ule ambao watu na magari hupita, mpaka usawa wa macho yake, na ule wa kufanyia kazi uache fito zenye nafasi.

Mfugaji wa Mufindi

Ndugu zangu, nimewasoma zaidi ya mara moja, na jana jioni nimewasomea kaka yangu maneno yenu. Hesabu ya 624 ndiyo iliyomnyamazisha. Leo asubuhi alikuja mwenyewe na futi ya kamba tukapima.

Nimeamua hivi. Tunajenga cha miti, mita 5, upana wa sentimita 70, nyuma ya banda ambako tayari kuna ukuta wa tofali ambao utakuwa ubavu uliozibwa. Mdomo unaelekea kusini, kwenye malisho. Geti la shingo nimempa fundi wa Mafinga, nikamchorea mabomba mawili ya wima, na nimemwambia nitakuja na kijana wa kulisukuma kabla ya kulipa. Alitaka kunitengenezea la mkasi kwa bei nafuu, na nilipomweleza sababu alikubali bila ubishi. Kwenye hori nitaweka pia miti ya shingo kama ya dada wa Rungwe, kwa ajili ya majike wawili ambao wako karibu kuhimilishwa.

Yamebaki maswali matatu. Mitamba na ndama watageuka ndani ya sentimita 70. Nifanyeje bila kujenga kibanio cha pili? Je, ninaweza kuogeshea ndani ya kibanio hichohicho, na dawa itakwenda wapi, ikiwa kisima chetu kiko mita 30 chini ya mteremko? Na yule jike aliyeanguka, nitamwingiza vipi?

Afisa Mifugo Mstaafu, Singida

Ndugu, nimefurahi, hasa kusikia kaka yako ameshika futi. Nitajibu kwa mpangilio uliouliza.

Kwa wadogo, tafuta ubao mmoja mzito wa inchi 2 kwa 12, wenye urefu wa kibanio, na uusimamishe kwa ubapa ndani ya ubavu mmoja, kwenye usawa wa mbavu za mtamba, ukiwa umezuiwa na vipande vya mbao vya sentimita 15 nyuma yake. Ufungwe kwa ndoano ili uondolewe wanapoingia wakubwa. Kwa ubao huo upana unapungua hadi sentimita 50 kwa mtamba wa kilo 200. Ndama usimpitishe kabisa. Mfundishe hatamu kama alivyoeleza mama wa Rungwe, na umshike kwa kumbananisha kwenye kona ya ukuta, goti lako likiwa nyuma ya bega lake. Wakati huohuo, kama bado ni mdogo chini ya miezi miwili, mwombe daktari wa mifugo amwondoe vishina vya pembe kwa chuma cha moto baada ya ganzi, kwa kuwa kundi lisilo na pembe ni rahisi mno ndani ya ujia mwembamba.

Kuogesha ndani ya kibanio inawezekana, na ni vizuri kuliko kumfunga mtini, kwa sababu unaweza kufika chini ya mkia, ndani ya masikio na katikati ya mapaja ambako kupe hujificha. Ng'ombe mkubwa anahitaji kiasi cha lita 10 za mchanganyiko ili alowane hadi kwenye ngozi, na wengi tunamnyunyizia lita 3 kisha tunalaumu dawa. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haikungojei upate nafuu ya bei. Ila kwa mteremko wako wenye kisima chini, usiruhusu dawa hizo ziende huru. Mteremko wa sakafu uelekeze upande wa juu au wa pembeni, kwenye shimo lililojazwa mawe na changarawe, lililo mbali na kisima kadiri eneo linavyoruhusu, na maji ya mvua yanayotoka juu yakingwe kwa mfereji yasiingie shimoni. Kama hakuna mahali pa namna hiyo upande wa banda, usiogeshee hapo kabisa. Tumia josho la kijiji, na kibanio kibaki cha sindano na uhimilishaji.

Kuhusu jike aliyeanguka, usimwingize siku ya sindano. Mara zege likishakauka, acha mageti yote mawili wazi, ya nyuma na ya mbele, na umwekee pumba mahali pa kutokea, siyo ndani. Waache wapite wote wenyewe kwenda malishoni kwa siku kadhaa, yeye akiwa wa tatu au wa nne, asiwe wa kwanza. Akizoea kupita, sogeza pumba ndani, bado bila kufunga. Siku ya kufunga geti kwa mara ya kwanza, mfunge kwa muda wa kula kiganja kimoja tu cha pumba, kisha mfungue, na asichomwe chochote. Kwa kuwa yuko miezi 7 na zaidi, ukimwona bado anakaza masikio mwache kabisa mpaka azae. Chanjo yake ameshaipata, na hereni inaweza kusubiri mwezi mmoja.

Mama wa Rungwe

Nami ningeomba kaka amtume yule kijana aliyeumia ndiye awe anampa hiyo pumba, kidole kikishapona, na aende bila kamba mkononi. Ng'ombe alimwona yeye siku ile, na ni yeye anayepaswa kuonekana tena akiwa amebeba kitu kingine.

Mfugaji wa Mufindi

Nimempelekea ujumbe wako, dada, na ameniambia kwamba ameshaanza tangu juzi, kwa mkono wa kushoto. Nguzo zinafika Jumamosi.